Shaver ya Sokoro: hobby niliyochekwa nayo mjini, na Ijumaa iliyonirudisha nyumbani

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi humu ndani huwa ni msomaji tu. Napita kwenye nyuzi za watu, nacheka, naweka like, naondoka. Leo nimeona na mimi nitoe yangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, na zile sehemu nilizofanya ujinga sijazifuta.

Ni kuhusu kunyoa ndevu.

Najua kuna mtu tayari ameanza kucheka. Cheka tu, nilishazoea.

Nina miaka ishirini na saba. Nafanya kazi Kisii mjini, kwa ofisi ya mpima ardhi. Mimi ndiye nachora zile ramani za mashamba ambazo ndugu wakigombana wanakuja kuzitandaza mezani. Nimepanga chumba Kiogoro, bado sijaoa. Kwetu hasa ni Nyamira, ndani ndani ukishapita Kebirigo, kwa watu wa majani chai.

Shida yangu ilianza na vipele. Kila nikitoka kwa kinyozi, siku mbili baadaye shingo yote imevimba vipele kama mtu aliyelalia upupu. Nikapaka mafuta ya kila aina, wapi. Halafu nikaona video ya jamaa mmoja akijinyoa kwa njia ya zamani. Brashi, bakuli, povu zito, na ile shaver ya chuma unayofungua kichwa chake, unalaza wembe ndani, unafunga.

Jumapili moja nikazunguka soko la Daraja Mbili kutafuta. Kuna mama anauza vitu vya zamani, vijiko, kufuli bila funguo, pasi za makaa. Chini kabisa ya lile rundo nikaona mpini wa chuma.

Nilipouinua, ule uzito ukanishtua. Mkono wangu ulikuwa unaujua.

Wakuu, hapo ndipo nilisimama katikati ya soko watu wananisukuma, na mimi niko Nyamira nina miaka saba.

Sokoro ni babu kwa Ekegusii. Wangu ni mzee wa kanisa, Msabato wa wale wa zamani. Ijumaa saa tisa jembe linawekwa chini, hata kama magugu yamekufika magotini. Ijumaa ni siku ya maandalio. Magokoro, yaani nyanya, anapika chakula cha kesho, anapiga nguo pasi, viatu vinapangwa mlangoni vikiwa vimeng'arishwa. Na Sokoro anatoka na kigoda chake anaenda nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na kipande cha kioo kwenye msumari, kwa nguzo ya ghala. Maji moto kwa kikombe cha bati. Sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia. Brashi iliyobaki na nywele nusu. Na shaver yake, aliyoiweka kwa mkebe wa kakao pamoja na Biblia ndogo ya mfukoni, sijui kwa nini, ila ndivyo ilivyokuwa.

Ile sauti ya wembe ukipita kwenye ndevu ilikuwa kama mtu anakwaruza ukoko wa sufuria pole pole. Mimi nilikuwa nakaa kwenye nyasi namtazama, na akibadilisha wembe ananipa mpini nimshikie. Akimaliza, anachukua povu lililobaki ananipaka mashavuni, ananinyoa kwa mgongo wa kitana. Makini kabisa, hacheki. Kisha ananishika kidevu anaangalia kushoto na kulia.

"Haya, mzee mwenzangu. Sasa tuko tayari kwa Sabato."

Alikuwa akiniita hivyo, mzee mwenzangu. Sijawahi kupewa cheo kingine maishani kilichonipendeza hivyo.

Kuna jambo moja nililiona siku zile na sikuwahi kuuliza. Baba yangu, ambaye nyumbani tunamwita Tata, nyumba yake ni hatua chache tu kutoka kwa Sokoro. Lakini Ijumaa saa ile hakuwahi kupita pale nyuma. Alikuwa anazunguka njia ya chini, kwenye migomba, hata akiwa amebeba kikapu cha majani kimejaa. Mimi nilidhani hapendi harufu ya sabuni.

Basi, nikanunua ile shaver, nikarudi Kiogoro.

Wiki ya kwanza nilijichinja. Nilikuwa nakandamiza vile umezoea kukandamiza hizi za plastiki. Kumbe hii haitaki nguvu kabisa. Uzito wake ndio unafanya kazi, wewe unaiongoza tu. Inataka pembe ya kama digrii thelathini, na mimi mtu wa ramani nikaona hiyo si kitu, pembe ni ugali wangu wa kila siku. Jumatatu nikaingia ofisini na vipande vitano vya tishu usoni.

Wakanipa jina, Bwana Povu. Mpaka leo wateja wananiita hivyo.

Lakini nilinogewa. Nikatafuta brashi nzuri, nikaagiza sabuni yenye harufu ya msandali, nikanunua jiwe la shabu la kukausha damu. Nikasoma habari za ndevu zinaota kuelekea wapi, unapita na mwelekeo wake kwanza, halafu pembeni. Vipele vikaisha. Nikawa nahubiri wembe kwa kila mtu, hata walinzi pale getini walikuwa wananikwepa.

Sasa ngoja niseme ukweli ambao ofisini sikuusema. Vipele viliisha mwezi wa kwanza tu. Kilichonifanya niendelee ni zile Ijumaa jioni. Natoka kazini, nachemsha maji, nafungua dirisha, napiga povu. Kwa dakika ishirini nasikia niko nyumbani.

Na nyumbani kwenyewe siendi.

Kebirigo si mbali, wakuu. Unaenda na kurudi siku hiyo hiyo na chai ya jioni unakunywa kwako. Lakini mimi nilikuwa mtu wa Krismasi na matanga. Sokoro alipopata stroke, nilienda hospitali mara moja, nikamshika mkono, nikaambiwa anaendelea vizuri, nikarudi kwa povu langu. Naandika hivi nikiona aibu.

Miezi mitatu baadaye Magokoro akanipigia mwenyewe. Magokoro huwa hapigi simu. Macho yake yameingia ukungu, namba hazioni, kwa hivyo ilibidi atafute mtu wa kumpigia. Nikajua kuna jambo.

Naweka kwa Kiswahili, ingawa aliongea Ekegusii. Alisema, "Sokoro yako amekataa kwenda kanisani."

Nikauliza kama ni miguu. Akasema miguu iko, anatembea na fimbo. Ni mkono wa kulia umekufa. Hawezi kujinyoa, na hajawahi kukanyaga kanisa na ndevu. Walimletea kinyozi na mashine yake ya betri. Ngozi yake imelegea, mashine ikamvuta ikamchuna, na bado ikaacha mabua. Tangu siku hiyo hataki kinyozi.

Meza ya Bwana ilikuwa imebaki wiki mbili. Ile iliyopita alikosa, mara ya kwanza tangu abatizwe. Alikuwa amesema hawezi kukaa mezani na uso kama wa mwizi wa kuku. Na sasa hata Ijumaa ikifika haulizi viatu vyake.

Halafu Magokoro akasema kitu ambacho kilinikosesha amani. "Mwanangu, mtu akiacha kujiandaa kwa Sabato, anajiandaa kwa kitu kingine."

Ijumaa hiyo nikaomba ruhusa, nikapakia vifaa vyangu vyote. Nilienda na kiburi, sitaki kuwadanganya. Nilijiona daktari.

Nilimkuta Sokoro kwa kiti cha plastiki, nyuma ya nyumba. Ndevu nyeupe, ndefu, zimejikunja. Mdomo umevutwa kidogo upande mmoja. Aliponiona alicheka na ule upande mzima. Akasema, "Mzee mwenzangu, umeota ndevu ukanisahau." Nikacheka na mimi, lakini lilinichoma.

Nikatandaza vitu. Nikapiga povu la msandali, akanusa, akasema linanuka kama bibi harusi. Nikampaka uso mzima. Nikashika shaver, nikamwinua kidevu, na hapo ndipo roho ikaruka.

Ile ngozi, wakuu. Ilikuwa nyembamba na imelegea, inafuata kidole. Halafu Magokoro alikuwa ameshaniambia kwamba mzee anakunywa dawa za kuzuia damu isigande. Mtu kama huyo ukimkata, damu haijui kusimama. Nilihitaji mtu wa kunivutia ngozi ikae sawa.

Tata alikuwa anapita kule mbali na ng'ombe. Nikamwita.

"Tata, njoo umshike shavu hapa, uvute ngozi."



Tata alisimama kama mtu aliyekanyaga msumari. Sokoro akafumba macho, akageuza uso kuelekea ukutani, na lile povu lote usoni. Tata akashika kamba. Alivuta ng'ombe wake akaondoka kwa njia ya chini, ile ile ya migomba.

Sokoro akasema bila kunitazama, "Rudisha vitu vyako."

Magokoro ndiye alimfuta povu, kwa kupapasa. Mimi nikabaki nimeshika shaver kama mjinga, na mjinga ndiye nilikuwa.

Jikoni nilichambwa. Magokoro aliniuliza kama huko mjini tunakula vitabu tu. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nilikijua tangu utotoni bila kufundishwa, halafu nikakisahau kwa kukaa kwa watu. Sisi tuna chinsoni. Ni heshima na aibu kati ya mzazi na mtoto wake aliyekomaa. Mtoto haingii chumba cha kulala cha babake, hamwoni akioga, hamgusi mwilini. Najua kuna familia zimelegeza siku hizi. Kwetu haijalegezwa. Mimi nilikuwa nimemwita mtu wa miaka karibu sitini amshike babake mashavu, tena mchana, tena mbele ya Magokoro na mimi mjukuu.

Nikamwambia, "Kwa hivyo Tata miezi yote hii anamwona tu babake akiota ndevu?"

Akasema, "Unafikiri kwa nini nilikupigia wewe?" Akachochea moto kwanza. "Baba yako akiguswa na hili jambo, anaenda kupasua kuni. Sasa tuna kuni za mwaka mzima. Lakini wewe na Sokoro hamna chinsoni. Mjukuu na babu ni marika. Wewe peke yako ndiye unaweza."

Binamu zangu wote wako mbali. Ilikuwa mimi, na nilikuwa nimeharibu. Wiki moja imebaki.

Nilirudi Kiogoro nimenyong'onyea. Nikatafuta jinsi wanafunzi wa unyozi wanavyofunzwa, nikaona wengine wanatumia puto. Unalijaza hewa, unalipaka povu, unalinyoa bila kulipasua. Nikanunua pakiti ya maputo ya birthday.

Jumapili, pa! Pa! Jirani akabisha mlango akiuliza kama nimevamiwa. Jumatatu nikapasua manane. Jumanne sita. Nikagundua shida yangu ni woga, mkono ukiogopa unakandamiza. Alhamisi nilinyoa maputo manne mfululizo hakuna hata moja lililolia. Niliyafunga pamoja nikayaacha dirishani, sikuwa na moyo wa kuyatupa.

Ijumaa nikarudi. Sikujua kama atakubali. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha.

Nilipofika nyuma ya nyumba nikasimama.

Ule msumari kwenye nguzo ya ghala ulikuwa umehamishwa, umeshushwa chini, usawa wa mtu aliyekaa kwa kiti. Kipande cha kioo kiko hapo, kimepanguswa. Sufuria ya maji iko kwa mawe inachemka. Kiti kimewekewa vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya mbele, ili mtu akikaa kidevu kiinuke. Na mkebe wa kakao uko juu ya kigoda.

Sikuuliza nani. Kule chini kwenye migomba nilisikia shoka.

Sokoro akaja na fimbo yake, akakaa. Msandali wangu akaukataa, akaelekeza kwa mkono wa kushoto ile sabuni ya kipande. Shaver yangu pia akaikataa. Nikafungua mkebe. Shaver yake ilikuwa pale na ile Biblia ndogo, chuma kimepoteza rangi mahali vidole vyake vilikuwa vinashika. Nikaweka wembe mpya ndani.

"Ngozi nitavuta mwenyewe," akasema. "Wewe fuata kidole changu."

Na ndivyo tulivyofanya. Mkono wake wa kushoto unavuta, wangu unapita nyuma yake. Krrr. Krrr. Ile sauti ya ukoko wa sufuria. Nilisuuza wembe kwa kile kikombe cha bati na maji yakawa na mvi za mzee wangu, na machozi yalianza kunitoka wakuu, nikayaacha maana mikono ilikuwa na kazi.

Shingoni nikasita. Pale koo linapopanda na kushuka. Akanisubiri kidogo, kisha akauliza kwa ile sauti yake nzito ya sasa, "Unaogopa kuniua? Nimeshindwa kufa na stroke, nife na wewe?"

Nikacheka mpaka ikabidi niondoe wembe. Na mkono ukaacha kukandamiza.

Nilimkata mahali pamoja, chini ya sikio, padogo kama kichwa cha kiberiti. Damu ilitoka ikakataa kusimama. Nikabonyeza kitambaa, nikaweka lile jiwe la shabu nililochekwa nalo ofisini, nikabonyeza tena, nahesabu moyoni. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka, lakini ilisimama. Yeye alikuwa anajitazama kwa kioo, wala hakuwa na habari na damu.

Alijitazama sana. Kisha akatia vidole kwenye povu lililobaki, akanipaka shavuni.

"Mbuya mono," akasema, yaani vizuri sana. Halafu akaita kwa nguvu kuelekea nyumbani, "Viatu vyangu viko wapi?"

Lile shoka kule chini likanyamaza. Kwa muda hivi. Halafu likaendelea, lakini pole pole.

Sabato aliingia kanisani na fimbo na mimi upande wake. Aliketi Meza ya Bwana. Kile kikombe kidogo alikishika kwa kushoto, hakumwaga tone. Watu wakaja kumsalimu, na kila mmoja anamwambia amekuwa kijana, na yeye anajipapasa kidevu kama mtu aliyenunua shamba.

Jumapili Tata akanisindikiza hadi barabarani. Tata ni mtu wa maneno machache, na tangu ile siku ya povu hatukuwa tumeongea. Tulitembea kati ya majani chai. Nikataka kuomba msamaha, akanikatiza mapema.

"Ulifanya kazi nzuri."

"Asante, Tata."

Tukatembea tena. Nikaona anajipapasa ndevu zake. Zimeanza kuwa nyeupe, sikuwa nimeona.

"Sokoro yako ana wewe," akasema. "Na mimi siku mkono ukikataa, nitanyolewa na nani?"

Nilifungua mdomo kusema mimi. Nikafunga.

Tata akanitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona anacheka kidogo.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Umeelewa. Sasa usikawie."

Akageuka, akarudi nyumbani.

Wakuu, tangu siku hiyo ni karibu mwaka. Kila Ijumaa natoka kazini mapema naenda Kebirigo, bosi wangu alishakubali. Sokoro bado yuko, anazidi kudhoofika lakini Ijumaa anauliza viatu. Ofisini bado ni Bwana Povu.

Nilichojifunza ni kimoja. Mimi nilidhani naipenda shaver, kumbe nilikuwa nimewamiss watu, na watu wenyewe walikuwa hai, karibu kabisa, wananisubiri na ndevu zao. Kama una mzee mahali, usimkumbuke kwa harufu ya sabuni chumbani kwako. Nenda.

Sasa nanyi niambieni. Kwenu mzee akishindwa kujinyoa, nani anaruhusiwa kumshika uso? Na mila zenu zinasemaje? Wenye dada ambao hawaogopi majani chai, PM iko wazi, nina sababu ya msingi.

Shaver niliyonunua Daraja Mbili niliacha kuitumia. Niliisafisha, nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye ule mkebe wa kakao kando ya ile ya Sokoro. Nimemwekea mtu ambaye bado hajazaliwa, na Tata anajua iko pale.